Nani Atapokea Funguo?

Msimulizi wa hadithi akinyamaza katikati, wasikilizaji humwuliza neno moja tu: «Halafu?» Mtoto auliza hivyo, na mzee pia. Michezo ya televisheni yaishi kwa neno hilo. Hadithi hukatwa vipande, vipande hukusanywa kuwa msimu mmoja, na msimu ukiisha watu hungoja miezi mingi mpaka waone mwingine. Katika kungoja huko hawakai kimya. Wabahatisha: nani ataolewa, nani atakufa, nani atarudi, nani ataondoka.

Kubahatisha si vibaya. Lakini kuna kubahatisha kwa mcheza kamari, na kuna kubahatisha kwa mvuvi. Mcheza kamari hutupa tu, akatazama bahati. Mvuvi wa Wagenya ayajua maji. Aona jinsi yanavyopanda, akumbuka yalivyokuwa mwaka uliopita, ndipo ateremsha mtego wake kati ya miamba. Leo twataka kubahatisha kwa namna ya mvuvi, juu ya mchezo mmoja ambao sisi watu wa Kisangani tuna sababu yetu wenyewe ya kuutazama.

MCHEZO WENYEWE

Jina lake ni Call the Midwife, maana yake «Mwiteni mkunga». Wenye kuuonyesha ni BBC ya Uingereza. Ulianza mwezi wa Januari 2012, na msimu wake wa 15 ulionyeshwa mwaka 2026. Mtunzi wake, Heidi Thomas, aliuchota katika vitabu vya Jennifer Worth. Mama huyo alikuwa mkunga kijana katika mitaa ya maskini mashariki ya London, naye alipokuwa mtu mzima akaandika kumbukumbu zake. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 2002. Alifariki mwaka 2011, kabla mchezo haujaanza kuonyeshwa.

Hadithi yaanza mwaka 1957 katika mtaa wa Poplar, karibu na bandari. Hapo pana nyumba ya masista iitwayo Nonnatus House. Masista hao, pamoja na wakunga vijana wakaao nao, hupanda baiskeli usiku na mchana kwenda kuzalisha wanawake nyumbani mwao. Masista hawa si Wakatoliki, ni wa Kanisa la Anglikana. Hata hivyo msomaji wetu akitazama atatambua mengi: kengele, sala za vipindi, utii, meza ya pamoja, na yule sista mkongwe ambaye akili yake mara yang'aa, mara yapotea, na wenzake wamchukulia kwa upendo. Nyumba hiyo imebuniwa. Lakini nyuma yake lipo shirika la kweli, Shirika la Mtakatifu Yohane, lililoanzishwa mwaka 1848, ambalo Jennifer Worth alifanya kazi pamoja nalo.

Hatusemi kwamba kila neno la mchezo huu lafaa. Umeingia katika mambo ya vidonge vya kuzuia mimba, na ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1967 iliyoruhusu kutoa mimba, na mara nyingine hukumu yake si ile ya Kanisa letu. Mzazi ajue hayo kabla ya kuwaketisha watoto mbele yake. Lakini una sifa ambayo ni adimu katika televisheni: kazi ya mikono yahesabiwa kuwa jambo kubwa. Kuchemsha maji, kutandika shuka safi, kumshika mkono mwanamke mwenye hofu, kukaa naye mpaka alfajiri, hayo ndiyo mapigano na ushindi wa mchezo huu. Tena wawaonyesha masista kama watu. Wanakasirika, wanacheka, wanachoka, wanaona mashaka, wanasali. Sinema nyingi zimewafanya masista kuwa sanamu za plasta au vichekesho. Huu haukufanya hivyo.

MAJI YAELEKEA WAPI

Basi, halafu? Wapenzi wengi wa mchezo huu wabahatisha mambo ya moyo: mkunga fulani atapata mume, daktari fulani ataugua. Huenda wakasema kweli. Lakini hadithi ya mambo ya zamani ina siri yake. Watu walio ndani yake hawaijui kesho. Sisi tunaowatazama twaijua, maana kesho yao ni jana yetu. Anayetaka kujua msimu ujao afungue kalenda ya miaka ile.

Kalenda yasemaje? Katika mchezo huu, kwa kawaida, kila msimu wasogea mwaka mmoja mbele. Msimu wa kwanza ulikuwa mwaka 1957. Msimu wa 14, ulioonyeshwa mwaka 2025, ulikuwa mwaka 1970, na wa 15 ukawa 1971. Sasa tazama yaliyotokea katika Uingereza ya kweli. Mwaka 1970 kamati ya serikali, iliyoongozwa na daktari Peel, ilishauri kwamba ipatikane nafasi ya hospitali kwa kila mwanamke anayejifungua. Kabla ya hapo, karibu na mwaka 1960, yapata theluthi ya watoto wa nchi ile walikuwa wakizaliwa nyumbani. Miaka 20 baadaye alikuwa kama mtoto mmoja katika mia. Tarehe 1 Aprili 1974 kazi zote za afya zikapangwa upya, na wakunga waliokuwa chini ya mabaraza ya miji wakawekwa chini ya wakubwa wengine. Na mwaka 1976 masista wa kweli, wale wa Shirika la Mtakatifu Yohane, wakahamisha makao yao kwenda mji wa Birmingham.

Ukiyaunganisha hayo, utaona mtego uwekwe wapi. Jambo zito la misimu ijayo ni kazi yenyewe kutoka mikononi mwa masista. Baiskeli zitapungua. Simu ya usiku haitalia sana. Mchezo umekwisha kulitayarisha jambo hilo kwa miaka kadhaa: nyumba imekosa fedha, imetishwa kubomolewa, wazee wake wamepungua na wanaoingia ni wachache. Sista Evangelina alikufa. Sista Bernadette aliacha shirika akaolewa na daktari. Hayo yote ni maji yanayoshuka upande mmoja.

Tena hesabu ni rahisi. Kama mwendo wa mwaka mmoja kwa msimu mmoja ungeendelea bila kukatika, mwaka 1976 ungefika katika msimu wa 20. Sijui kama watafika mbali hivyo, kwa maana waigizaji nao wanazeeka. Lakini, mapema au baadaye, nadhani mchezo utamalizika kwa mlango kufungwa na funguo kukabidhiwa.

Ndipo lazuka swali langu. Nani atapokea funguo hizo? Mwepesi wa kujibu atasema: «Hospitali.» Lakini hospitali ni nyumba. Kazi ya kumpokea mtoto haipokewi na ukuta, yapokewa na mtu mwenye jina. Na katika London ya miaka ile watu hao walikuwa nani? Wengi wa wauguzi na wakunga walikuwa wametoka mbali: Ireland, Jamaika, Barbados, Trinidad na kwingineko. Mchezo ulilitambua hilo mwaka 2018, ulipomleta Lucille Anderson, mkunga kutoka Jamaika. Alikuwa na imani yake, baridi yake, huzuni yake; alitukanwa kwa ajili ya rangi yake, tena alipendwa. Mwaka 2023 hadithi ilimrudisha kwao. Baadaye akaja Joyce Highland, naye mtu wa visiwa vile.

Huu basi ni utabiri wangu wa kwanza, na pia ni kipimo changu. Mchezo ukiwa mwaminifu kwa wakati wake, siku ya kufunga mlango atakayeendelea na kazi atakuwa mtu kama Joyce, ambaye tumemwona akijifunza, akikosea, akiwa hodari. Akija mgeni wa dakika ya mwisho kupokea funguo, tutajua kwamba watunzi hawakuwatazama vizuri watu wao wenyewe.

SAFARI YA MWAKA 1972

Mwaka 2025 BBC ilitangaza mambo mawili mapya. La kwanza ni mchezo mwingine utakaorudi nyuma, Poplar ya wakati wa vita vikuu vya pili, mabomu yalipokuwa yakianguka juu ya London. La pili ni sinema. Wahusika watakuwa walewale tunaowajua, mwaka utakuwa 1972, na mahali patakuwa ng'ambo. Tangazo lilisema ng'ambo tu; nchi haikutajwa.

Hapo ndipo masikio yetu yaliposimama. Maana mchezo huu ulikwisha kuja Afrika mara moja. Katika kipindi cha Noeli cha mwaka 2016 masista na wakunga walisafiri mpaka Afrika ya Kusini, kuisaidia hospitali ndogo ya misheni iliyokuwa katika taabu. Kipindi kile kilikuwa na wema mwingi. Ubaguzi wa rangi haukufichwa. Lakini mpango wa hadithi ulikuwa ule tuliouzoea: pana shida, wageni wanashuka, shida inapungua, wageni wanarudi. Uzito wote ulikaa upande wa wageni. Mioyo iliyogeuka ilikuwa yao. Watu wa mahali walibaki wakipunga mkono, nasi hatukujua walizungumza nini jioni ile gari lilipokwisha kuondoka.

Msomaji ataniuliza: «Hayo yatuhusu nini sisi, huku Kisangani?» Yatuhusu sana. Mji wetu ulikwisha kuwa «ng'ambo» ya watu wengine.

SINEMA ILIYOPIGWA KWETU

Mwanzoni mwa mwaka 1958, mji huu ulipokuwa ungali ukiitwa Stanleyville, alifika hapa mwongozaji wa sinema Fred Zinnemann pamoja na mashine zake, watu wake, na mwigizaji aliyejulikana ulimwengu mzima, Audrey Hepburn. Walipiga sehemu ya sinema iitwayo The Nun's Story, yaani «Hadithi ya sista». Walipiga mjini, walipiga pia Yakusu, upande wa chini wa mto, kwenye kazi ya wagonjwa wa ukoma. Sinema ilitoka mwaka 1959, ikatajwa kwa zawadi nane za Oscar, isipate hata moja.

Ilitokana na kitabu cha Kathryn Hulme cha mwaka 1956, na kitabu kilitokana na maisha ya Marie Louise Habets, Mbelgiji aliyekuwa sista mwuguzi na aliyefanya kazi Kongo. Katika sinema aitwa Sista Luka. Ni binti wa daktari, hodari katika kazi yake, mwenye hamu kubwa ya kuja Kongo. Anakuja, anafanya kazi na daktari mpasuaji asiyesadiki, anaugua kifua kikuu, anapona, anarudishwa Ulaya. Vita vyaingia. Mwishowe, baada ya kupigana na nafsi yake miaka mingi, anaomba ruhusa ya kuacha shirika.

Tuseme haki: ni sinema kubwa. Yaingia ndani ya utii, jambo ambalo sinema chache zimethubutu kuligusa. Haiwadhihaki masista, tena haiwapaki sukari. Mwisho wake haujasahauliwa na wengi walioiona: Sista Luka amekwisha kuvua vazi la shirika, mlango wafunguka, atoka kwenda barabarani, na hakuna muziki wa kutuambia tufurahi au tulie. Twaachwa na mlango ulio wazi. Na juu ya ukoloni pia yasema kweli moja ndogo. Sista alikuwa na hamu ya kuwauguza Waafrika, lakini alipofika hapa akaamriwa kwenda kwenye hospitali ya Wazungu. Mwenye macho aliona, katika neno hilo moja, mji ulivyokuwa umegawanyika.

Lakini Wakongo wa sinema ile ni akina nani? Wapo wasaidizi wa hospitali, wapo watumishi, wapo wagonjwa, yupo na mtu mmoja amwuaye Sista Aurelie kwa sababu ya maneno ya mganga. Hata wale wawili wenye maneno mengi kidogo, Kalulu na Illunga, hawakuigizwa na wana wa nchi. Mmoja aliigizwa na Orlando Martins, Mnijeria, na wa pili na Errol John, mtu wa Trinidad. Mto ni wetu, jua ni letu, nyuso zinazopita nyuma ni zetu. Hadithi si yetu. Na Sista Mkongo, mwenye jina na maneno yake mwenyewe, hayumo.

Mtu atasema: hadithi ni ya miaka ya kabla ya vita, wakati ule masista Wakongo walikuwa bado wachache. Sawa. Simlaumu mwongozaji kwa kuto-tunga asilolijua. Nataka tu tuone jambo alilolipita alipokuwa hapa. Tarehe 5 Agosti 1959, mwaka uleule sinema ilipotoka, msichana mmoja wa Wamba aliweka nadhiri zake za kwanza huko Bafwabaka, katika shirika la Masista wa Jamaa Takatifu. Alikuwa na umri wa miaka 19. Jina lake Anuarite, na jina la utawa Marie-Clémentine. Sote twajua yaliyofuata. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, katika uasi wa Simba, aliuawa Isiro kwa kukataa kuivunja nadhiri yake, na tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri huko Kinshasa.

Basi fikiri, ndugu msomaji. Siku zile watazamaji wa Ulaya na Marekani walipokuwa wakimlilia Sista Luka anayeondoka, huku kwetu msichana alikuwa akiingia. Funguo zilikuwa zimekwisha kuanza kupita kutoka mkono hadi mkono. Mashine ya picha ilikuwa karibu sana, lakini ilikuwa imeelekezwa upande mwingine.

KAMA WANGESHUKA HAPA

Turudi kwa sinema ile itakayokuja. Hakuna aliyesema kwamba wakunga wa Poplar watakuja Kongo, wala mimi sitazamii. Kwa Waingereza ni rahisi zaidi kwenda katika nchi zilizokuwa zao. Lakini kwa kuwa mwaka ni 1972, tuufanye mji wetu kuwa mfano. Wangeshuka katika uwanja wa ndege wa Kisangani mwaka 1972 wangekuta nini?

Wangekuta nchi yenye jina jipya, Zaire, tangu mwezi wa Oktoba 1971. Wangekuta mji ambao tangu mwaka 1966 hauitwi tena Stanleyville. Wangekuta askofu mkuu Mkongo, Augustin Fataki, aliyekalia kiti chake tangu mwaka 1967. Wangekuta chuo kikuu kilichokuwa cha Waprotestanti, ambacho mwaka 1971 kiliingizwa katika chuo kikuu kimoja cha taifa. Wangekuta watu wenye makovu ya mwaka 1964, na ya mwaka 1967 askari wa kukodiwa walipoasi humu mjini. Wamisionari wengi walikuwa wameuawa, wengine wamerudi kwao, wengine wamekuja tena. Na katika nyumba nyingi za kuuguzia, aliyeshika daftari na ufunguo wa kabati ya dawa alikuwa mwana wa nchi.

Zaidi ya hayo, wangekuta jambo la majina. Mwaka ule serikali ya Mobutu iliamuru raia waache majina ya Kikristo na kushika majina ya asili. Padre ambaye angebatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa adhabu. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akafukuzwa katika nyumba yake, akakaa Roma miezi kadhaa.

Sasa weka mkunga kutoka Poplar katika chumba cha kuzalia, alfajiri, hapa Kisangani. Mtoto amezaliwa salama. Mgeni ashika kalamu, auliza kwa tabasamu: «Tumwandike nani?» Mama ataja jina moja kwa sauti, jina la babu. Kisha amvuta karibu mkunga Mkongo, amnong'oneza jina la pili. Mgeni haelewi kwa nini mama anong'ona. Adhani ni haya, au uchovu. Anayeelewa ni mmoja tu katika chumba kile, naye ni yule mkunga wa mahali. Yeye ajua jina gani liandikwe katika daftari na jina gani litunzwe moyoni. Tena ajua kwamba mambo haya hayakuwa mepesi, kwa sababu wako Wakongo waliofurahi kwa kweli kurudishiwa majina ya babu zao, na wengine waliolia kunyang'anywa majina ya ubatizo wao, na wengine waliofurahi na kulia siku moja.

Hapo ndipo ilipo hadithi. Mtazamaji akimfuata mgeni peke yake, ataona mama amechoka tu. Akimfuata mkunga Mkongo, ataona mwaka mzima wa 1972 katika mnong'ono mmoja. Ndiyo sababu nasema kwamba kumpa mtu wa mahali nafasi yake si adabu tu. Mtunzi asiyempa nafasi hiyo anajinyima sehemu bora ya hadithi yake mwenyewe. Na hili ni kweli kwa Kisangani, na litakuwa kweli kwa nchi yoyote watakayoichagua.

NENO LA MPINZANI

Wako watakaonipinga. «Hao ni Waingereza,» watasema, «waache wasimulie mambo yao. Kwa nini wabebeshwe mzigo wa kusimulia yetu?» Neno hili lina nguvu. Katika Poplar wawe wenyeji, hatuna ugomvi. Lakini mtu akitoka kwake akaja kuketi mezani pa mwenzake, yafaa amjue mwenyeji kwa jina. Wenyewe wamechagua kusafiri. Na mchezo huu hasa, uliotufundisha misimu 15 kwamba hakuna mwanamke maskini asiyestahili kutazamwa usoni, waweza kupimwa kwa kipimo chake wenyewe.

Wengine watasema kinyume: «Tuache kabisa kutazama mambo yao.» Na hao siwafuati. Mtu mwenye haki hujifunza kwa kila mwalimu mzuri. Kutoka mchezo huu twaweza kujifunza jinsi ya kuchukua mtaa mmoja, nyumba moja, kazi moja, na kuufuata mwaka baada ya mwaka bila haraka. Jennifer Worth hakuwa mtu mkubwa. Alikumbuka, akaandika. Bila daftari zake, masista wale wa baiskeli wangekuwa wamesahauliwa leo hata na jirani zao.

Nasi je? Wanawake waliokuwa wakunga vijana hapa Kisangani mwaka 1972 leo wamepita miaka 70. Wanaketi nasi katika misa. Wanajua nani alizaliwa wapi, katika chumba kipi, kwa mwanga wa taa gani. Wanajua dawa zilifika kwa mashua gani, zilikosekana miezi mingapi, na ni masista gani waliobaki wakati kubaki kulikuwa hatari. Wakaao Makiso wanao wao, wakaao Mangobo wanao wao, na ng'ambo ya mto, Lubunga, wapo pia. Mchezo wa kuigiza waweza kungoja fedha na mashine. Kumbukumbu za mama mwenye miaka 75 haziwezi kungoja. Kijana mwenye simu iwezayo kunasa sauti anacho chombo ambacho Jennifer Worth hakuwa nacho.

YATAKAYOKUJA

Basi nifunge kwa kuteremsha mtego wangu majini mbele ya macho yenu, ili mweze kunihukumu baadaye.

Nasema hivi. Mchezo wa wakati wa vita utakuwa mzuri kama utatuonyesha masista hawa nao walipokea funguo kutoka kwa nani, maana hakuna aliyeanza kazi hii peke yake. Misimu ya miaka ya 1970 itakuwa hadithi ya kukabidhi, na iliyo bora itakuwa ile isiyofanya kukabidhi kuwa msiba mtupu. Masista wa kweli wa Shirika la Mtakatifu Yohane hawakufa walipohama mwaka 1976. Walikwenda mahali pengine. Na katika sinema ya mwaka 1972, nitaanza kutazama mlango kabla ya kuwatazama wageni. Wakibisha hodi katika hospitali ile ya ng'ambo, nataka kuona ni nani afunguaye. Akiwa mtumishi asiye na jina, nitajua kwamba tumerudi mwaka 1958. Akiwa mwanamke wa nchi ile, mwenye daftari mkononi na usiku mzima wa kazi machoni pake, akawaambia wageni waketi wangoje kidogo kwa sababu ana mzazi ndani, basi nitavuta kiti karibu, nami nitatazama mpaka mwisho.